NAFSI NA DHAMANA: UTETEZI WA WENGINE KATIKA MASIMULIZI YA BIBLIA

Utangulizi

Miongoni mwa mafunzo ambayo wasomaji wa Biblia wamezoea kuyatoa katika kitabu hicho, moja ni kwamba mwenye sauti yampasa kuwasemea wasio na sauti. Aghalabu funzo hilo hujengwa juu ya sura ya 31 ya Mithali, ambamo mfalme Lemueli anaonywa na mama yake ajihadhari na ulevi, awe msemaji wa asiyeweza kusema, na awaamulie maskini kwa haki. Funzo ni jema na hapana haja ya kulipinga. Hata hivyo, likipokewa bila kuchunguzwa huweza kumfaa mwenye nguvu kuliko mnyonge. Kila aliye na jukwaa hujiona amekwisha kupewa idhini ya kuwasemea wengine, na wale wengine huhesabiwa kuwa mabubu hata kama vinywa vyao ni vizima.

Liko jambo moja katika sura hiyo ambalo wahubiri wengi hulipita. Aliyetoa agizo ni mwanamke, naye hatajwi kwa jina lake bali kwa jina la mwanawe. Mtu aliyemfundisha mfalme kazi ya kusema kwa ajili ya wengine, yeye mwenyewe amemfikia msomaji kwa kinywa cha mwingine. Kwa hiyo swali limo katika matini tangu mwanzo: anayesemewa yuko wapi wakati anaposemewa?

Makala haya yanalichunguza swali hilo katika masimulizi kadha ya Agano la Kale, yakiyachukua kuwa kazi za fasihi zenye wahusika, mgogoro na lugha, pasipo kuingilia mijadala ya imani. Hoja inayotolewa ni kwamba masimulizi haya hayaupimi utetezi kwa ufasaha wa msemaji wala kwa cheo chake. Huupima kwa mambo mawili: nafsi anayoitumia msemaji anapowataja wale anaowasemea, na dhamana anayoiweka mbele ya msikilizaji. Mambo hayo yanapokuwapo, usemi humfaa mnyonge. Yasipokuwapo, usemi uleule huweza kumgeukia.

Kauli ya Kutendea

Kiswahili chenyewe kinatoa onyo juu ya jambo hili. Kitenzi "semea" kina maana mbili ambazo ni vigumu kuzipatanisha. Maana ya kwanza ni kusema kwa faida ya mtu fulani. Maana ya pili ni kumshtaki: mtoto wa shule anayemwambia mwenzake kwamba atamsemea kwa mwalimu hamwahidi utetezi, anamtishia. Hali kadhalika, mtu huweza kumwombea mwenziwe mema au kumwombea mabaya. Anayemlia jirani chakula chake hamli kwa faida ya jirani huyo, na mama ambaye mtoto amemfia hakupata faida yoyote katika kifo hicho. Kauli ya kutendea humwingiza mtendewa katika sentensi, lakini haisemi kama mtendewa huyo amenufaika au amedhurika. Hilo huamuliwa na muktadha.

Kitenzi "tetea" nacho kinastahili kutazamwa. Kimetokana na "teta", yaani kugombana kwa maneno, na pengine kumsema mtu vibaya naye hayupo. Kwa asili ya neno, basi, utetezi ni ugomvi unaopiganwa kwa ajili ya mwingine. Zaidi ya hayo, "kwa niaba ya" na "kwa ajili ya" hutumiwa siku hizi kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali sivyo. Niaba ni nafasi: mmoja anasimama mahali pa mwingine. Ajili ni sababu: mmoja anatenda kwa kuwa mwingine yupo na ana haja. Mtu huweza kusimama mahali pa mwenziwe kwa sababu zake binafsi. Katika aya ile ya Mithali, wafasiri wa Union Version ya 1952 walitumia "ajili", na masimulizi yatakayojadiliwa hapa yanauthibitisha uteuzi huo.

Msamiati wa utetezi umegawanyika pia kwa asili. Mtetezi, mwombezi na msemaji ni maneno yaliyozalishwa na vitenzi vya Kibantu. Dhamana, rehani, wakili na shahidi yametoka katika Kiarabu, nayo ni maneno ya biashara na ya mahakama ya kadhi. Mkusanyiko huo unaeleza vizuri hali ya mambo: upande mmoja pana kusema, upande wa pili pana kitu kinachowekwa ili kusema huko kupate uzito. Mdai wa mwambao hakuridhika na maneno matupu, na wasimulizi wa Kiebrania nao, kama itakavyoonekana, hawakuridhika nayo.

Hamani na Esta

Kitabu cha Esta kinafaa kutangulia kwa sababu kinaziweka nafsi mbili za usemi zikikabiliana. Matini yake ya Kiebrania hayamtaji Mungu hata mara moja, hivyo kwamba funzo lolote lililomo limebebwa na maneno na matendo ya binadamu. Mandhari ni Shushani, katika enzi ya Ahasuero mfalme wa Uajemi, ambako amri zikishatiwa muhuri wa mfalme hazitanguki. Malkia wa kwanza, Vashti, amekwisha kuondolewa kwa kukataa kuitikia wito. Esta anaingia mahali pake. Ni yatima aliyelelewa na Mordekai, jamaa yake, na kwa agizo la Mordekai ameficha asili yake ya Kiyahudi. Tangu mwanzo, basi, mwanamke mmoja ameadhibiwa kwa kukataa kuja alipoitwa, na wa pili atakabiliwa na adhabu akija pasipo kuitwa.

Hotuba ya Hamani mbele ya mfalme, katika sura ya 3, ni mfano kamili wa kumsemea mtu kwa maana ya kumshtaki. Anaeleza kwamba lipo taifa fulani lililotawanyika katika majimbo, lenye sheria zisizofanana na za wengine, na kwamba mfalme hapati faida kwa kuliacha. Kisha anaahidi talanta elfu kumi za fedha. Hamani hawataji Wayahudi kwa jina. Watu wake wote ni "wao", kundi lisilo na sura, na mfalme hamwulizi ni kina nani. Maangamizi ya umma mzima yanaidhinishwa katika mazungumzo ambamo anayeangamizwa hakutajwa. Tena fedha anazoahidi Hamani si dhamana: hawekwi rehani yeye mwenyewe, bali anainunua idhini.

Hatua za Esta ni kinyume cha hizo, lakini hazitokei mara moja, na hapo ndipo ulipo ufundi wa msimulizi. Mordekai anapovaa gunia na kulia langoni, jambo la kwanza analolifanya malkia ni kumpelekea nguo. Anataka kilio kifunikwe. Mordekai anazikataa, na mawasiliano yanaendelea kwa kupitia Hathaki, mtumishi wa jumba. Esta anajibu kwa kuitaja sheria: yeyote aingiaye ua wa ndani bila kuitwa huuawa, isipokuwa mfalme amnyoshee fimbo ya dhahabu, na yeye hajaitwa kwa muda wa siku 30. Mpaka hapo anajihesabu kuwa mtu wa jumba, na Wayahudi ni watu wa nje. Jibu la Mordekai linalivunja ukuta huo: asidhani kwamba atasalimika peke yake kwa kuwa anakaa kwa mfalme.

Uamuzi wa Esta baada ya hapo una sehemu mbili. Anakubali kwamba huenda akapoteza maisha. Hiyo ndiyo dhamana. Lakini kabla ya hilo anawataka Wayahudi wote wa Shushani wafunge kwa ajili yake siku tatu, naye na wajakazi wake wafunge vilevile. Sehemu hii haielezwi vya kutosha na wafafanuzi wengi. Wanaosemewa hawakai wakingoja. Wanapewa kazi, na kazi yenyewe ni kumtegemeza msemaji wao. Anapoingia uani hasimami mahali pao huku wao hawapo. Amekuja kutoka kwao.

Usemi wenyewe unafika katika sura ya 7, kwenye karamu ya pili. Mpangilio wa nafsi ni wa kuangaliwa kwa makini. Kwanza Esta anaomba maisha yake mwenyewe. Kisha anaomba watu wake. Mwisho anasema kwamba wameuzwa, yeye pamoja na watu wake, na kitenzi kinaingia katika nafsi ya kwanza wingi. Kwa Kiswahili kiambishi "tu-" ndicho kinachoubeba uzito wa tukio zima. Hamani alisema "wa-", Esta akasema "tu-", na katika tofauti hiyo ya silabi moja mfalme anatambua kwamba lile kundi lisilo na sura limeketi mezani pake. Ndipo anapouliza ni nani aliyethubutu, swali ambalo hakuliuliza pale muhuri wake ulipotolewa.

Hata hivyo, haitafaa kumsifu Esta bila kipimo. Katika hotuba hiyohiyo anasema kwamba lau wangaliuzwa kuwa watumwa tu, angalinyamaza. Huenda hii ni mbinu ya mzungumzaji anayemjua mfalme wake na kutaka ombi lionekane dogo. Huenda pia ni dalili kwamba malkia, aliyezungukwa na wajakazi, anauona utumwa kuwa jambo la kuvumilika. Matini hayaamui. Zaidi ya hayo, utetezi uliookoa watu unamalizika kwa umwagaji wa damu: sura ya 9 katika matini ya Kiebrania inahesabu maadui 75,000 waliouawa majimboni, na Esta mwenyewe anaomba siku ya pili ya mauaji katika Shushani. Hakuna anayesimama kuuliza habari za hao. "Sisi" ya Esta ina mpaka, na msimulizi ameuacha mpaka huo uonekane.

Dhamana ya Yuda na ya Musa

Ikiwa kitabu cha Esta kinaonyesha zaidi suala la nafsi, kisa cha Yuda katika Mwanzo 44 kinaonyesha suala la dhamana. Ndugu wa Yusufu wameshuka Misri kutafuta chakula. Kikombe cha fedha kimefichwa katika gunia la Benyamini kwa hila ya Yusufu mwenyewe, na liwali huyo wasiyemtambua anaamuru mdogo abaki kuwa mtumwa, wengine waende zao kwa amani. Kisheria Yuda hana kesi. Yuko huru kuondoka, nao ni mtego: ndugu hao waliwahi kumwacha mdogo mmoja utumwani na kurudi nyumbani salama.

Hotuba ya Yuda ni miongoni mwa hotuba ndefu za kitabu cha Mwanzo, nayo haina hoja ya sheria hata moja. Hadai kwamba Benyamini hakuiba. Anasimulia. Anamrejeshea liwali maneno yaliyokwisha kusemwa kati yao, halafu anamleta mzee Yakobo katika baraza ambalo mzee huyo hayupo, mpaka neno "baba" linajirudia tena na tena na kuwa kiini cha hotuba. Kisha anatoa dhamana: yeye abaki mtumwa badala ya kijana. Alikwisha kujifanya mdhamini kwa baba yake kabla ya safari, na sasa mdai amekuja.

Thamani ya dhamana hiyo haieleweki bila kukumbuka sura ya 37. Yuda huyuhuyu ndiye aliyetoa shauri la kumwuza Yusufu, na fedha ishirini zikalipwa. Wakati ule alimsemea ndugu yake kwa maana potovu kabisa: alitetea asiuawe, huku akipanga faida. Ndugu ikawa bidhaa. Katika sura ya 44 anakitoa kitu kilekile alichokiuza, yaani uhuru wa mtu, ila safari hii ni uhuru wake mwenyewe. Msimulizi amempa utetezi mtu aliyeharibu, asiyekuwa na sifa ya usafi, akaonyesha kwamba stahili ya kusema hutoka katika kile ambacho msemaji yu tayari kukilipa.

Upo pia ustadi wa lugha usiofaa kupitwa. Awali Yusufu alizungumza na ndugu zake kwa kutumia mkalimani, nao hawakujua kwamba anaielewa lugha yao. Kwa hiyo mwombaji anadhani kwamba anamkabili mgeni, kumbe msikilizaji ni mwana wa nyumba ile ile, naye ndiye aliyeumizwa na msemaji. Utetezi wa Benyamini unakuwa, bila Yuda kujua, ungamo mbele ya Yusufu.

Musa naye, katika Kutoka 32, anapewa fursa ya kuwaacha watu. Baada ya ndama ya dhahabu, Mungu anataja nia ya kuwaangamiza na kumfanya Musa kuwa taifa kubwa. Mazungumzo yanayofuata yana mchezo wa vimilikishi unaokaribia ucheshi. Mungu anamwambia Musa kwamba watu wake, aliowatoa Misri, wamejiharibu. Musa anajibu kwa kumwuliza Mungu juu ya watu wake, aliowatoa Misri. Kila mmoja anamwachia mwenziwe "-ako". Kwa muda hakuna anayetaka kuwa mwenye watu hao. Mgogoro unasogea pale Musa anapoomba kwamba, wasiposamehewa, jina lake lifutwe kitabuni. Na katika sura ya 34 kimilikishi kinabadilika: anaomba msamaha kwa ajili ya uovu wetu na dhambi yetu. Musa alikuwa mlimani ndama ilipotengenezwa. Kwa hesabu ya matendo, "-etu" hiyo si kweli. Kwa hesabu ya utetezi, ndiyo neno lililokuwa likingojewa.

Ombi la Ibrahimu kwa Sodoma, katika Mwanzo 18, huwekwa mara nyingi juu ya haya yote. Kwa kipimo kinachotumika hapa, ni ombi lenye ujasiri mkubwa na dhamana ndogo. Ibrahimu anateremka kutoka wenye haki 50 hadi 45, 40, 30, 20 na 10, kama mnunuzi sokoni, akijinyenyekeza kuwa mavumbi na majivu. Anamkabili Mungu kwa swali la haki ambalo wachache wamethubutu kuliuliza. Lakini watu wa Sodoma ni "wao" kutoka mwanzo hadi mwisho. Hata Lutu, mwana wa ndugu yake, hatajwi. Mazungumzo yanakoma kwenye kumi, naye anarudi mahali pake. Mji unateketea.

Mlawi wa Gibea

Masimulizi ya Waamuzi 19 na 20 yanaonyesha upande wa giza wa jambo hilihili, na pengine ndiyo yenye funzo kali kuliko yote. Mlawi mmoja na suria wake wanalala Gibea, katika nyumba ya mzee aliyewakaribisha. Wahuni wa mji wanaizingira nyumba wakimtaka mgeni. Mlawi anamshika suria wake na kumtoa nje. Anatendwa vibaya usiku kucha. Asubuhi bwana wake anamkuta mlangoni, mikono i juu ya kizingiti, anamwamuru ainuke waondoke, na hakuna jibu. Matini ya Kiebrania hayasemi wazi kwamba alikuwa amekwisha kufa. Mlawi anampeleka nyumbani, anaukata mwili vipande kumi na viwili, na kuvipeleka katika nchi yote ya Israeli.

Katika sura ya 20 makabila yanakusanyika na kumtaka aeleze. Hapa Mlawi anakuwa msemaji wa marehemu mbele ya baraza kubwa, na kila sharti la nje la utetezi limetimia: aliyeonewa hawezi kusema, msemaji ana habari, na hadhira iko tayari. Lakini nafsi inayotangulia katika maelezo yake ni "mimi". Anasema kwamba watu wa Gibea walimwinukia yeye, na kwamba walikusudia kumwua yeye. Mwanamke anafuata nyuma, kwa sentensi moja. Kitendo cha kumshika na kumtoa nje kimefutwa. Hakuna uongo ulio wazi katika maelezo hayo isipokuwa pengo, na pengo lenyewe lina ukubwa wa mlango.

Mwanamke huyo hana jina katika masimulizi, wala hatamki neno hata moja tangu mwanzo wa kisa hadi mwisho. Alisemewa kwa maneno, na kabla ya maneno alisemewa kwa mwili wake uliogeuzwa kuwa barua. Mlawi alisema kwa niaba yake; hakusema kwa ajili yake. Hakuweka dhamana yoyote, kwa kuwa rehani ilikuwa imekwisha kulipwa na mwingine. Matokeo ni vita vilivyobakiza wanaume 600 wa kabila la Benyamini, na kisha kutekwa kwa wasichana 400 wa Yabeshi-Gileadi na binti za Shilo ili wanaume hao wapate wake. Dhuluma ya mwanamke mmoja ililipizwa kwa dhuluma ya mamia. Msomaji anayetaka kujua jinsi usemi wa uongo kwa niaba ya mnyonge unavyozaa wanyonge wengine hana haja ya kutafuta mfano mwingine.

Wenye Vinywa Vyao

Lipo kundi la masimulizi ambamo anayeonewa hasemewi bali anasikilizwa. Katika Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi, ambao wote wametajwa kwa majina, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, wanasimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote. Wanadai urithi wa baba yao aliyekufa bila mwana wa kiume. Hoja yao ni fupi na imepangwa. Musa, ambaye ni mtetezi mkubwa kuliko wote katika Torati, hapa hawasemei. Anaipeleka kesi yao kwa Mungu kama walivyoieleza, na jibu linakuja kwamba wamesema sawa. Sheria inabadilishwa. Ni kweli kwamba sura ya 36 inaiwekea haki hiyo mipaka, kwa kuwataka waolewe ndani ya kabila lao, baada ya wakuu wa jamaa kulalamika. Lakini namna ya utetezi imekwisha kuonyeshwa: mwenye cheo amekuwa njia ya maneno ya wengine, wala hakuyaweka maneno yake mahali pa yale.

Rispa, katika 2 Samweli 21, hasemi lolote. Wanawe wawili wametolewa wauawe pamoja na wajukuu watano wa Sauli, na miili imeachwa mlimani. Rispa anatandika gunia mwambani, na tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua inaponyesha anafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Mfalme Daudi anapata habari, na mifupa ya wafu inakusanywa na kuzikwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wasemavyo Waswahili. Kisa hiki kinalipa neno "bubu" la Mithali maana nyingine: asiyesema huenda hajakosa ujumbe, bali amekosa msikilizaji.

Waswahili husema pia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwamba adhabu ya kaburi aijua maiti. Methali hizo mbili zina shaka kubwa na kila msemaji wa wengine. Zikichukuliwa kwa ukamilifu wake, hakuna utetezi unaowezekana: maiti haiendi barazani. Masimulizi ya Biblia hayafiki huko. Yanakiri kwamba yuko asiyeweza kufika, na kwamba mwingine yampasa aende. Yanachokikataa ni kwenda bila kulalia kitanda hicho.

Funzo na Matumizi Yake

Suala hili halikubaki vitabuni. Katika historia ya Kenya, Waafrika walikuwa watu wa kusemewa kwa miaka ishirini katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1924 Dkt. John Arthur, mmisionari wa Kanisa la Uskoti, aliteuliwa kuwakilisha maslahi ya Waafrika barazani, na uwakilishi huo uliendelea mikononi mwa Wazungu mpaka Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Haidaiwi kwamba kila aliyekalia kiti hicho alikuwa na nia mbaya. Baadhi yao walisema mambo ya haki. Lakini wale waliohesabiwa kuwa hawana sauti walikuwa wakisema wakati huohuo. Harry Thuku alikamatwa mwaka 1922 kwa sababu alisema, na Kikuyu Central Association ilimtuma Jomo Kenyatta London mwaka 1929. Si ububu uliowazuia wasiingie barazani. Mwakilishi alisema kwa niaba, akitumia nafsi ya tatu wingi, na kikao kilipokwisha alirudi katika nyumba ambayo sheria za kipande na kodi ya vibanda hazikuigusa.

Fasihi ya Kiswahili nayo imelishughulikia jambo hili. Katika Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951, Shaaban Robert anamweka Karama kizimbani kwa kosa la kutaka elimu ya sheria ienezwe nchini. Yaani kosa lenyewe ni kutaka watu wajue kujitetea. Karama hatumii nafasi yake kujiokoa peke yake. Anazikumbusha habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi, na ambao malipo yao yalikuwa adhabu. Kwa kuwa yeye mwenyewe ni mshtakiwa, kila neno analolisema kwa ajili yao lina shingo yake nyuma yake. Katika kipimo cha nafsi na dhamana, Karama anasimama karibu na Yuda na Esta, na mbali sana na Mlawi. Haidaiwi hapa kwamba Shaaban Robert aliiga masimulizi ya Kiebrania. Inatosha kuona kwamba mtunzi Mwislamu wa Tanga na wasimulizi wale wa kale walilifikia swali moja: msemaji ameweka nini?

Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba funzo la Biblia juu ya kuwasemea wengine si sahali kama linavyohubiriwa. Agizo la mamaye Lemueli limezungukwa na masimulizi yanayolieleza, kulipima na pengine kulitilia shaka. Esta anafaulu anapohama kutoka "wao" hadi "sisi", ingawa "sisi" hiyo ina mpaka wake. Yuda anasikilizwa kwa sababu anajitoa kuwa rehani ya kile alichowahi kukiuza. Musa anamiliki dhambi asiyoitenda, na mbele ya binti za Selofehadi anajua kunyamaza. Mlawi wa Gibea, mwenye hadhira kubwa kuliko wote hao, ndiye aliyemtendea vibaya zaidi mtu aliyedai kumsemea.

Kwa wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, matokeo ya hoja hii yanahusu pia kazi yao. Imekuwa desturi kumsifu mtunzi kwa kuwa "sauti ya wanyonge". Sifa hiyo inafaa kuulizwa maswali yaleyale: katika kazi yake mnyonge anatajwa kwa nafsi gani, ana jina au hana, anatamka sentensi ngapi mwenyewe, na mtunzi ameweka dhamana gani kwa kusema. Riwaya nyingi zenye huruma kubwa huenda zikajibu maswali hayo kwa aibu. Mwanafunzi anayeanza uhakiki angeweza kulichukua zoezi hilo kwa kalamu na karatasi, akihesabu viambishi, kabla hajaandika neno "ukombozi".